Mkate wa Sungura

Stara Kolonia, Jumapili 22 Machi 2009

Shemeji Ewald,

Mungu akupe heri, wewe na Renate. Kahawa imefika, chokoleti zimefika, na ile sabuni ya maua nimeiweka kabatini kwenye mashuka kwa sababu kuiogea naona dhambi. Sisi wazima. Mgongo wangu unanisema kila mvua ikikaribia, lakini mgongo wa mwanamke wa miaka hamsini na tisa ukinyamaza ndipo uanze kuogopa. Bernadka bado yuko pale duka la dawa. Mumewe bado anaendesha malori, wiki tatu Uholanzi, wiki moja nyumbani, kwa hiyo wajukuu wanashinda kwangu. Tymek ametimiza miaka kumi na anajua kila kitu. Łucja ana sita na anauliza kila kitu. Nihurumie.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu kabla ya Pasaka. Jana niliwapeleka watoto mgodini, kwenye mgodi wetu ule ule. Umefunguliwa kwa wageni tangu vuli. Pale walipokuwa wanachukulia taa sasa kuna binti anauza kadi za posta na vipande vya makaa ya mawe vilivyofungwa utepe, makaa yale yale tuliyokuwa tunayapiga teke njiani. Bernadka hakutaka kuja. Alisema, "Wapeleke ukitaka, Mama, ila mimi usije ukanisimulia." Hajawahi kukanyaga pale, unajua mwenyewe.

Miaka sita nilimfulia mume wangu nguo za mgodini, na sikuwahi kujua harufu ile inatoka wapi. Jana nimejua. Lifti iliposhuka, Łucja alinishika koti kwa mikono miwili, na Tymek anayejua kila kitu akaniegemea ubavuni. Anayetembeza wageni ni mchimbaji mstaafu, Gerard Pyka, si wa kwetu, alitoka mgodi mwingine ulipofungwa. Mtu mzuri, mcheshi. Kabla ya kushuka alimpa kila mtoto kibati cha shaba chenye namba, kama vya kwenu. Akawaambia, "Kikiwa ubaoni, wewe uko juu. Kisipokuwepo, uko chini. Ajali ikitokea hatuhesabu watu, tunahesabu vibati."

Łucja akamuuliza sungura yuko wapi. Ni mimi nilimjaza hayo. Nilimsimulia jinsi baba wa zamani walivyokuwa wakibakiza kipande cha mkate, wakakirudisha nyumbani na kuwaambia watoto wamepewa na sungura wa kule chini. Nikamwambia mama yake alikuwa anangoja mlangoni kila siku. Basi Gerard akacheka, akafungua koti lake, na ndani kulikuwa na mkate umefungwa kwenye karatasi. Akawagawia. Mkate mkavu, Ewald, wa mafuta ya nguruwe, na walikula kama hawajawahi kuonja chakula.

Halafu tukafika mwisho wa njia, mahali palipozibwa kwa mbao. Gerard akainua taa akasema, "Hapa, wanangu, mwaka sabini na saba kulikuwa na jamaa mmoja mjanja. Alipanda juu, akarudisha kibati chake, halafu akajipenyeza chini tena bila ruhusa. Wanasema alikuwa ameficha chupa yake huku. Dari likaanguka. Ubaoni kibati kipo, kwa hiyo nani atamtafuta? Wamekuja kumkuta siku ya tatu." Watoto wakacheka kwa ile chupa. Tymek akacheka kuliko wote. Akasema, "Mjinga kweli huyo." Nilikuwa nimemshika mkono.

Tukapanda. Juu kulikuwa na foleni kwenye dirisha la kurudishia vibati, na Tymek, mvivu huyo, akampa mdogo wake kibati chake ili yeye akaangalie makaa yenye utepe. Łucja akasimama dirishani na vibati viwili kwenye kiganja kimoja. Gerard alimkemea hadi mtoto akalia. "Hata siku moja usirudishe cha mwenzako!" Nami nikabaki nakitazama kile kiganja. Tangu jana sijatulia.

Nilimvuta Gerard pembeni nikamwambia mimi ni nani. Alivua kofia, masikio yakawa mekundu. "Mama, mimi nasema kilichoandikwa na tume iliyochunguza ajali." Akaniambia kwamba siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, tarehe nne Desemba, wataweka ubao kule chini wenye majina ya wote waliofia mgodini, na chini ya kila jina mstari mmoja wa jinsi alivyokufa. Wa mume wangu Hubert umeshaandikwa: alirudisha kibati, akarudi chini bila ruhusa. Nikamwomba aufute. Akasema, "Nitafutie mtu aliyekuwepo. Aandike, atie sahihi, nami nitabadilisha siku hiyo hiyo."

Wa zamu ile aliyebaki hai ni wewe tu. Tume ilipokuuliza ulisema hujui. Sasa nakuuliza mimi, mke wa mdogo wako. Mlikuwa pamoja hadi mwisho wa zamu. Wewe ulipanda. Hubert alikuwa wapi?

Watoto wanakusalimu. Łucja anakuchorea njiwa.

Trudka


Herne, 3 Mei 2009

Shemeji Trudka,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na uniwie radhi kwa kuchelewa. Pasaka ilitupita na wageni, halafu goti la Renate likavimba, halafu mwewe akanichukulia njiwa wawili, mmoja wao ndiye yule wa kijivu aliyekuja wa tatu kwenye mashindano ya mwaka juzi. Renate anasema nimemlilia yule njiwa kuliko nilivyomlilia mama mkwe. Ni kweli, lakini njiwa hakuwahi kunisema vibaya.

Mwambie Łucja nimebandika mchoro wake kwenye jokofu. Mwambie Tymek asome Kijerumani, nitampa baiskeli.

Kuhusu safari yenu. Umewapeleka watoto mahali pa giza na baridi, halafu unashangaa mambo ya giza yamekufuata nyumbani. Huku migodi yote imekufa, wamepanda miti juu ya vifusi, na watu wanakimbia pale na mbwa wao Jumapili. Mimi naona ni vizuri. Huyo Gerard anatafuta kuchekesha watoto, naye kesho atakuwa na hadithi nyingine. Hakutaja jina. Watoto husahau. Wewe ndiye usiyesahau, Trudka, na mimi nakuheshimu kwa hilo, lakini miaka thelathini na miwili ni mingi. Mwache Hubert apumzike.

Na hayo mambo ya sungura usiwajaze vichwani. Siku hizi mkate unauzwa ukiwa umeshakatwa.

Nimetuma kahawa kilo mbili badala ya moja.

Ewald


Stara Kolonia, 20 Mei 2009

Ewald,

Sisi wazima. Kahawa imefika. Ningependa jibu kuliko kahawa.

Unasema watoto husahau. Nikusimulie. Wiki iliyopita mwalimu wa Tymek aliwaambia wasimulie mahali walipotembelea. Mjukuu wangu akasimama mbele ya darasa akaigiza yule mlevi wa mgodini, anapepesuka, anatafuta chupa, dari linamwangukia. Darasa zima likavunjika mbavu. Akapewa alama ya juu. Jumapili mezani, tukiwa tumekaa na nyama ya kukunja na kabichi nyekundu, akamwigizia mama yake. Aliigiza vizuri, siwezi kumnyima sifa. Bernadka aliweka uma chini, akaenda jikoni, akafungua bomba la maji ili tusimsikie.

Bernadka ndiye mtoto ambaye watu walikuwa wanamwita "wa yule mlevi" foleni ya nyama, shuleni, hata siku ya komunio yake. Uliondoka mwaka sabini na tisa, hukuyasikia. Mimi niliyasikia. Hubert alikunywa kama wengine, siku ya Barbara na siku ya mshahara, basi. Lakini tume haikuandika sababu ya kurudi kwake chini, na watu wakipata nafasi tupu wanajaza wenyewe.

Ikabidi nimwambie Tymek yule jamaa alikuwa nani. Hakulia. Alikwenda akachukua kile kibati cha ukumbusho nilichomnunulia pale mgodini, akakitupa kwenye pipa la majivu. Tangu siku hiyo hataki nimguse kichwa.

Mama yenu alipokufa mwaka tisini na nne mipaka ilikuwa imeshafunguliwa, na hukuja kumzika. Niliwaambia watu ni kazi iliyokuzuia. Nimekutetea miaka yote, Ewald, kwa kila mtu mtaani. Sasa nakuuliza mara ya mwisho, na usinijibu kwa habari za njiwa. Nani alirudisha kibati cha mume wangu?

Trudka


Herne, 30 Agosti 2009

Shemeji Trudka,

Barua hii ni ya nne. Tatu nimezichana. Renate alikuta vipande kwenye ndoo ya takataka akadhani nina mwanamke. Nikamwambia yote, na yeye ndiye aliyenikalisha mezani leo na kufunga mlango wa banda la njiwa. Tu wazima, hayo mengine sina la kusema.

Ni mimi.

Vibati vyetu vilifuatana, changu 612, chake 613. Foleni ya dirishani mwisho wa zamu ilikuwa ndefu, unasimama umelowa jasho na baridi inakupiga. Kwa hiyo tulikuwa na mtindo: atakayetangulia anarudisha vyote viwili, mwenzake akipanda anaenda moja kwa moja kuoga. Ilikatazwa, na ndugu wote walifanya. Baba na mtoto walifanya. Karani anaona mkono tu na shaba, haangalii uso.

Jumanne ile, tarehe nane Novemba, tulikuwa tumeshafika kwenye lifti. Hubert akajipapasa koti akasema, "Ah, nimesahau mkate wa Bernadka kule kwenye mbao." Nikamwambia auache, amwambie mtoto leo sungura amelala. Akacheka. Akasema, "Kamwambie wewe basi. Mimi siwezi kuingia mlangoni mikono mitupu, yule ataninunia hadi Krismasi." Akanipa kibati. "Nakuja na lifti inayofuata." Nikamwona anarudi, anatembea haraka, anapiga mluzi.

Nikarudisha vyote viwili. Nikaoga, nikapanda baiskeli kwenda kwa yule jamaa wa Lipina aliyekuwa ananiuzia njiwa, nikalala huko. Dari liliporomoka mimi nikiwa barabarani. Sikujua chochote. Asubuhi nilifika getini saa kumi na mbili, na mzee Wilczek, mtunza bafu tulipokuwa tunabadilishia nguo, alikuwa ameshapiga kelele. Alikuwa ameona nguo za nyumbani za Hubert bado zinaning'inia darini kwenye mnyororo wake, shati la buluu na kofia. Kibati kilisema yuko juu, nguo zilisema yuko chini. Ndipo walipoanza kuchimba, saa kumi na sita zikiwa zimepita.

Tume iliniuliza swali moja tu. Nikasema sijui. Mwanzoni niliogopa jela. Baadaye nikakuogopa wewe, ndiyo maana nikaondoka, na ndiyo maana sikumzika mama, kwa sababu kaburi la mama liko hatua tatu kutoka kwa Hubert na wewe ungesimama katikati. Halafu nikapata sababu nyingine, nayo ndiyo nimeishi nayo: Bernadka. Ningesema kwamba nilirudisha kibati, wangeuliza alirudi kufanya nini. Ningejibu nini? Kwamba alirudi kuchukua mkate wa mtoto? Bora mtoto awe na baba aliyesemwa kuliko ajue kwamba baba alikufa kwa ajili ya kipande chake cha mkate. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Ndivyo ninavyofikiri hata leo.

Kwa hiyo nakuomba, hili libaki kati yetu. Mwambie Gerard aache ule mstari wazi.

Na ninaomba unijibu jambo moja. Alhamisi ile walipomtoa, daktari alikuita pembeni. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, nikaona midomo yake, sikusikia. Alikuambia nini? Alikufa pale pale, au alikaa hai kwanza? Nimejiuliza hilo kila siku, na hakuna wa kunijibu ila wewe.

Ewald


Stara Kolonia, 1 Novemba 2009

Ewald,

Salamu kwa Renate. Mwambie nimemheshimu kwa kufunga lile banda.

Leo ni siku ya Watakatifu Wote. Nimewasha mishumaa kwa Hubert na kwa mama yenu, nimepalilia, nimebadilisha maua. Miezi miwili nimekuwa nikianza barua hii kwenye kichwa changu, jikoni, kanisani, kwenye basi. Kila mara ilianza kwa tusi. Leo nimesimama kaburini mpaka tusi limechoka, nikarudi kuandika.

Nikuambie yale ambayo sijamwambia mtu ila mapadri. Jumanne ile sikusikia habari za dari, hawakutangaza, kwao walikuwa wametoka wote. Saa kumi jioni Hubert alikuwa hajarudi, nikamwacha Bernadka kwa jirani, nikaenda getini. Karani akaangalia ubao. "Yuko juu, Mama, kibati hiki hapa." Aliniambia kwa tabasamu, na walinzi wakacheka kidogo, kwa sababu kila mtu anajua mume akishapanda na hajafika nyumbani amekwenda wapi. Nilirudi nimewaka. Supu yake nilimpa mbwa wa jirani. Nikafunga mlango kwa komeo ili akirudi agonge, mtaa wote usikie. Na nikamlaani, Ewald, kwa jina lake na la baba yake, nikimlaani mtu aliyelala chini ya jiwe. Mchana kutwa wa Jumatano mpaka walipokuja kunichukua nilikuwa ninapanga maneno ya kumwambia.

Ungesema neno moja tu, ningejua nilidanganywa na shaba. Badala yake nimeishi nikijua kwamba mume wangu alikuwa anakufa na mkewe anamtukana, na sikujua hata alikuwa anatafuta nini huko. Kuna miaka niliamini ile chupa. Mimi, niliyelala naye kitanda kimoja. Nilianza kuwaamini watu wa foleni ya nyama. Hilo ndilo uliloninyang'anya, na kahawa haiwezi kulirudisha.

Kosa la kibati nimeshalielewa. Kama ningekuwa mwanamume wa zamu ile, ningefanya vile vile. Hilo si lako peke yako. Lile "sijui" ni lako.

Na acha kujificha nyuma ya mtoto wa miaka minne. Ana thelathini na sita sasa. Amelea wawili, anauza dawa za usingizi kwa nusu ya mtaa huu, atastahimili ukweli. Bernadka nitamwambia mimi. Wewe mwandikie Gerard Pyka, yote, kibati na mkate, utie sahihi mbele ya mtu anayetambulika. Kabla ya Barbara. Usipofanya hivyo ubao utawekwa na Tymek atakua akiusoma.

Umeniuliza alichosema daktari. Hilo sitakujibu, si leo wala siku nyingine. Si kwa hasira. Wewe umebeba lako miaka yote bila kunigawia, basi hili niache nibebe mwenyewe.

Trudka


Herne, 18 Novemba 2009

Trudka,

Sisi hatujambo.

Nimemwandikia. Kurasa mbili, mbele ya wakili, na padri wetu akawa shahidi. Nimetuma kwa rejista, Jumatatu amepokea, karatasi ya posta imerudi na sahihi yake. Nimeandika kibati na nimeandika mkate. Nimeandika pia lile "sijui."

Daktari nimeelewa. Kukataa kwako kumenijibu. Sitauliza tena.

Kuna jambo moja. Siku ya Barbara ninaweza kufika asubuhi kwa basi la usiku. Sitakaa nyumbani kwako. Nitasimama nyuma. Renate amenipigia pasi suti nyeusi na imening'inia mlangoni. Niambie nije au nisije. Neno moja linatosha.

Ewald


Stara Kolonia, Jumapili 6 Desemba 2009

Shemeji Ewald,

Hukupata neno kwa sababu sikulituma. Nilikaa nalo tangu barua yako ifike. Kila asubuhi nilisema leo naandika "njoo," nikifika posta nashindwa, narudi nyumbani na mkate tu. Najua suti ilikaa mlangoni. Nisamehe kwa hilo moja, nami nitafikiria hayo mengine.

Wote wazima. Mume wa Bernadka yuko nyumbani hadi Mwaka Mpya. Theluji bado.

Sasa nikusimulie Barbara, kwa kuwa haki ya kusimuliwa unayo. Bendi ilipita mtaani saa kumi na mbili alfajiri, wapigaji wamevaa sare nyeusi na manyoya kwenye kofia, tarumbeta moja inakwaruza kama siku zote. Misa, halafu mgodini. Bernadka alikuja. Nilikuwa nimemwambia wiki mbili kabla, nikampa barua yako akasoma mwenyewe. Alisoma mara mbili, akaikunja, akauliza kama kuna maziwa nyumbani, kwa sababu Łucja anataka uji. Basi. Sikupata zaidi ya hapo. Lakini Ijumaa alivaa koti, akasema twende, na kwenye lifti alinishika koti kama mtoto wake alivyofanya Machi.

Gerard alisoma ukurasa wako wa pili, kule mwisho wa njia, kwa sauti. Hakuruka kitu. Lile "sijui" alilisoma kama ulivyoliandika. Watu walikuwa kama arobaini, hakuna aliyekukasirikia, nikuambie ukweli. Wazee walitazama viatu vyao. Nadhani kila mmoja alikuwa anakumbuka vibati viwili mkononi. Halafu wakafunua ubao. Mstari wa Hubert umeandikwa hivi: Hubert Goj, miaka 29, alirudi kuchukua mkate wa mwanawe. Tymek alikwenda akausoma kwa kidole, herufi kwa herufi, na yeye anajua kusoma vizuri kabisa. Tulipopanda alisimama kwenye foleni ya dirisha mwenyewe, hakumpa mtu kibati chake, na mdogo wake alipojaribu kupenya mbele akamwambia, "Subiri. Kila mtu na chake." Leo ameniacha nimguse kichwa.

Sasa lililobaki, na hili nimemwambia Bernadka juzi baada ya kutoka mgodini, tukiwa wawili jikoni tunamenya viazi.

Alhamisi ile walinipa mfuko wa vitu vyake. Saa, mkebe wa tumbaku, ufunguo wa nyumba. Na kipande cha mkate kwenye karatasi. Kilikuwa ndani ya koti, upande wa kifuani, kizima, hakijaumwa hata kidogo. Sikukifikiria. Kila siku alikuwa na mkate mfukoni, nikaona ni wa siku hiyo tu. Sikujua kilikuwa kimemgharimu nini mpaka niliposoma barua yako ya Agosti. Basi ujue na wewe, Ewald: alifika. Aliupata mkate, akauweka kifuani, akageuka. Alikuwa njiani anarudi.

Siku ya mazishi watu walipokuwa wanakula, Bernadka akanivuta sketi akaniuliza kama sungura ameleta kitu. Nilikuwa na ule mfuko kabatini. Mkate ulikuwa umekauka kama tofali. Nikauloweka kwenye maziwa ya moto na sukari, nikampa, akaula wote, akakwangua bakuli. Akaniuliza kama sungura hajambo. Nikamwambia hajambo. Sikumwambia mtu yeyote nilichofanya, kwa sababu nilidhani watasema nimerukwa na akili, kumlisha mtoto kitu kilichotoka chini na maiti.

Bernadka aliacha kumenya. Akasema, "Mkate ule naukumbuka, Mama. Ulikuwa mtamu, na bakuli lilikuwa na mstari wa kijani. Ndiyo kumbukumbu pekee niliyo nayo ya baba. Siku zote nimejua kwamba siku ile alirudi nyumbani." Sikumsahihisha. Nilimenya kile kiazi mpaka kikabaki kama kokwa.

Mimi bado, Ewald. Nikikuambia nimekusamehe nitakuwa nasema uongo, na uongo umetutosha. Kuna siku naamka nakuonea huruma, na kuna siku naamka natamani ungekuwa wewe uliyesahau kitu. Bernadka naye hajasema lolote juu yako, ila jana aliuliza kama goti la Renate limepona.

Kahawa imebaki kidogo. Usitume tena kwa posta. Ilete mwenyewe.

Trudka